Mkoba wa Mghange na Mikoba ya Pweza

Waswahili tukisema fulani "amepewa mkoba", hapana anayedhani kwamba amenunuliwa mfuko wa kutilia pesa. Twafahamu kuwa amekabidhiwa kazi. Asili ya msemo huu ni uganga: aliyefunzwa dawa hakuhesabiwa mganga mpaka apewe mkoba na mkubwa wake, na mambo hayo yakifanywa mbele ya watu. Mkoba ndio uliokuwa shahada yake. Nimelitumia neno hili katika mashairi yangu kwa miaka thelathini na kitu, nikiwapa mikoba madiwani, makocha wa mpira na mabwana harusi, wala sikuwahi kujiuliza mkoba wenyewe una uzito gani. Mwezi uliopita niliwekewa mmoja magotini, huko Mghange.

Wasomaji wangu wengi huijua Taita kwa dirisha la basi. Voi ni mahali pa kushuka kunyosha miguu na kunywa chai, kisha safari ya Nairobi huendelea. Mwenye kwenda Mghange hugeuka kushoto pale Voi, akashika njia ya Mwatate penye mashamba ya mkonge, kisha akaanza kupanda kwa mapindi hadi Wundanyi, na akishafika Wundanyi akidhani amefika, bado yuapanda. Mlima Vuria, ulio mrefu kuliko yote katika vilima vya Taita, mita 2,208, huko ndiko uliko. Mimi mtu wa pwani nilikwenda na kanzu na koti moja jepesi, na usiku wa kwanza nililala na blanketi tatu.

Nilikwenda kwa sababu ya ujamaa. Binti wa ami yangu ameolewa na kijana wa Kitaita aliyesilimu zamani, na ami yake kijana huyo, mzee aliyepita miaka themanini, alituma salamu kwamba anamtaka mtu "ajuaye kusoma karatasi za Kizungu na asiye na tamaa ya pesa". Sifa ya pili nadhani walinizidishia.

Mkoba wenyewe ni wa ngozi ya mbuzi iliyolainishwa kwa mafuta na kuwa nyeusi kwa moshi wa miaka. Urefu wake ni kama kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Kifuniko chake kimeshonewa kauri safu tatu, na pale zilipong'oka pamebaki alama nyeupe mfano wa fizi zisizo na meno. Ukanda wa begani una ushanga mweupe, mwekundu na wa samawati. Ndani mlikuwa na vibuyu viwili vidogo vilivyozibwa kwa miti, vikavu kabisa, pembe ndogo, kamba yenye mafundo, na risiti ya kodi ya mwaka 1938 iliyokunjwa mara nne. Nilicheka nilipoiona risiti, na mzee naye akacheka. "Baba aliiweka na dawa," akaniambia, "kwa sababu nayo ilikuwa kinga. Ukikosa hiyo, askari wakuchukua."

Angalieni zile kauri na ule ushanga. Taita haina bahari. Kauri zilipanda huko kwa misafara yetu ya pwani iliyopita njia ya Taita na Taveta kuelekea Uchagani, njia ile ile aliyoishika Rebmann mwaka 1848 alipokwenda akauona Mlima Kilimanjaro. Ushanga ulitoka mbali zaidi, Ulaya na Bara Hindi, ukapita mikononi mwa wafanyabiashara wa Mombasa. Basi mkoba huu, ambao wengi wetu tungeuita kitu cha washenzi wa bara, nusu ya pambo lake ni letu.

Mzee mwenyewe si mganga. Alibatizwa akiwa mtoto, akasomesha shule, akastaafu. Baba yake alipokuwa yuafa alimwambia maneno machache tu: "Nakuachia uuangalie, si uutumie." Mganga alikuwa baba, na kabla ya kuufungua mkoba alikuwa akifanya lile jambo ambalo Wadawida huliita kutasa: mtu huchukua funda la maji au la pombe, akalitema kwa kulinyunyiza huku akitaja maneno ya kukiondoa kinyongo kilicho moyoni mwake. Mama mmoja wa Kimarekani, Grace Harris, aliyekaa na Wataita katika miaka ya 1950, aliliandikia jambo hilo kitabu kizima, kikatoka mwaka 1978. Kwamba mtu hutakiwa kutoa hasira kifuani kabla ya kumwombea mwenziwe, hilo mimi Mwislamu silioni kuwa geni, ingawa ile pombe nitawaachia wenyewe.

Sasa shida iliyoniitisha. Mchuuzi mmoja wa vinyago alikuwa ameshafika nyumbani kwa mzee mara mbili. Mara ya pili, ili kumlainisha, alimwachia ukurasa uliokatwa katika kitabu cha mnada cha ng'ambo, wenye picha za mikoba na bei zake, akamwambia: "Tazama wenzako wa Marekani wanavyotajirika." Mzee alitaka asomewe ukurasa ule neno kwa neno. Bei siziandiki hapa, nisije nikawaamsha wengine.

Mikoba ile ilikuwa ya Watlingit na Wahaida. Hawa ni watu wa pwani kama sisi, ila pwani yao ni ya baridi na mvua, kusini-mashariki mwa Alaska na visiwa vya Haida Gwaii upande wa Kanada. Maisha yao ni samaki, mitumbwi ya magogo na nyumba za mbao za mierezi. Watlingit wamegawanyika pande mbili, Kunguru na Tai, na wa upande mmoja huoa upande wa pili. Ukoo wao huhesabiwa kwa mama, na cheo cha mtu humwendea mpwa wake, si mwanawe, kama Wadigo walivyokuwa zamani.

Mkoba wao mmoja mashuhuri huitwa mkoba wa pweza. Huning'inia mikia minane chini, miwili miwili, na ndiyo sababu ya jina. Umbo hilo halikuanzia kwao. Lilitoka kwa watu wa bara ya mashariki, likasafiri na biashara ya manyoya katika karne ya 19, na Watlingit walipoliona wakalipenda wakalifanya lao. Mwingine ni wa sufi nyekundu au ya samawati iliyonunuliwa dukani, mwingine wa ngozi iliyotoka kwa jirani zao wa bara wawindaji wa paa wakubwa. Juu yake hujazwa ushanga wa kizungu kwa maua na majani. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchukua tumbaku na vyombo vya kuwashia moto, lakini kwa Watlingit ukawa vazi la heshima la siku ya karamu ya maiti, ambapo wafiwa huwalisha wa upande wa pili na kuwagawia mali. Mzee aliposikia habari ya ushanga wa kununua na ngozi ya kubadilishana na jirani, aliugeuza mkoba wake akazitazama zile kauri kwa muda.

Waganga wao pia walikuwa na vyao. Kijana wa Kitlingit aliyetakiwa na mizimu kuwa mganga alikwenda mwituni akafunga kula mpaka fisi maji amtokee, na ulimi wa mnyama yule ukafungwa katika furushi likawa ndilo asili ya nguvu zake. Vyombo vya mganga havikulazwa nyumbani pamoja na watoto. Vilifichwa mwituni, na alipokufa aliwekwa navyo kaburini, mbali na mji. Mwishoni mwa karne ya 19 afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, Luteni George Emmons, alikusanya maelfu ya vitu vya Watlingit, vikiwamo vilivyotoka katika makaburi hayo ya waganga, akaviuzia jumba la makumbusho la New York. Na upande wa Kanada serikali ilizipiga marufuku karamu zenyewe tangu mwaka 1885 hadi 1951. Kwa hiyo aliyekuwa na mkoba wa kuvalia karamu hakuwa na karamu ya kuuvalia, na mwenye kununua akamkuta amekaa mkao wa kuuza.

Nilipomaliza, mzee aliniuliza swali ambalo ukurasa ule haukuwa na jibu lake. Ulitaja jina la tajiri aliyeumiliki mkoba mwaka fulani, na tajiri aliyemtangulia. "Na aliyeushona?" akauliza. "Na ukoo wake? Wako wapi?"

"Wako hai, Mzee wangu," nikamwambia. "Wengine wamekwenda mahakamani."

Nikamsimulia kisa cha Klukwan, nami nawasimulia nyinyi, kwa sababu sijaona kisa kinachofanana zaidi na cha Mghange. Klukwan ni kijiji cha Watlingit, na katika Nyumba ya Nyangumi ya kijiji hicho mlikuwa na nguzo nne za kuchongwa na kiambaza kikubwa kilichonakshiwa, fahari ya ukoo wa Ganexteidi. Wachuuzi walivitaka kwa miaka mingi. Mwaka 1976 kijiji kikatunga sheria kwamba kitu cha namna hiyo hakitoki bila ya idhini ya baraza. Mwaka 1984 baadhi ya watu wa nyumba yenyewe walikubaliana na mchuuzi, vitu vikatolewa vikapelekwa Seattle. Kesi ilichukua miaka. Mwaka 1993 mahakama ya kijiji ikaamua kuwa vitu vile havikuwa mali ya mtu mmoja wala ya jamaa wachache, vilikuwa mali ya ukoo, na kwa hiyo aliyeuza hakuwa na cha kuuza. Mwaka uliofuata vilirudi Klukwan.

Watlingit wana neno lao la vitu hivi, at.óow, yaani kitu kilicho milki ya ukoo kwa kununuliwa, na bei yake aghalabu ni uhai wa mzee fulani wa zamani. Si kila mkoba wa pweza una daraja hiyo. Mwingine ni pambo tu. Lakini chenye daraja hiyo hakina mwenyewe mmoja, kina mshikaji. Na sheria ya Marekani ya mwaka 1990 kuhusu makaburi na vitu vya wenyeji imelikubali wazo hilo kwa maandishi: kitu kilicho urithi wa kabila zima hakiwezi kutolewa na mtu mmoja, hata kama yeye ndiye aliyekuwa akikitunza. Kwa nguvu ya sheria kama hizo ukoo wa Dakl'aweidi ulirudishiwa kofia yao ya nyangumi na Smithsonian mwaka 2005. Mnada wa mtu binafsi sheria ile haiugusi sana, na ndio maana kurasa kama ule wa mchuuzi bado huchapwa.

Sheria yetu ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu makumbusho na turathi ina kipimo kingine. Kitu cha kale, kwa sheria hiyo, ni kile kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya mwaka 1895. Kilicho cha baadaye hungoja waziri akitangaze kuwa kimelindwa. Ipo na ile ya mwaka 2016 ya elimu na sanaa za jadi, lakini hiyo yahusu ujuzi na usanii zaidi kuliko mfuko uliotundikwa ukutani. Kwa hiyo Klukwan waliuliza: hiki ni cha nani? Sisi twauliza: hiki ni cha lini? Mzee asema mkoba ulishonwa babu yake alipokuwa kijana. Maandishi yaliyomo ni risiti ya 1938. Mchuuzi akimpeleka wakili, risiti ile iliyokuwa kinga itageuka kuwa shahidi wa mchuuzi! Nathubutu kusema sheria hii imekosa swali la kwanza.

Najua msomaji atakayenigeukia hapa. Atasema: wewe uliyekalishwa jamvini na kusomeshwa juzuu, waupigania mkoba wa mganga? Na si yeye peke yake. Huko Mghange mchungaji wa mzee amesema uchomwe. Mkwe wetu aliyesilimu naye amesema uchomwe. Dini mbili zilizoshindwa kukubaliana juu ya siku ya mapumziko zimekubaliana juu ya kiberiti.

Jibu langu ni hili. Mkoba ule siuamini, sikuuomba kitu, wala singeruhusu mtoto wangu mgonjwa anyunyiziwe kilichomo. Lakini mkoba huo hauabudiwi na mtu. Umetundikwa. Na aliyepewa kuuangalia ameshika amana, na mambo ya amana katika dini yetu hayana mzaha: hurudishwa kwa mwenyewe, wala aliyeishika haulizwi kama anakipenda alichoshikishwa. Ukoo ukikaa ukasema uchomwe, uchomwe, hiyo ni haki yao. Ukisema uzikwe, uzikwe. Nisichokikubali ni mtu mmoja, awe na kiberiti au na kibunda cha noti, kutangulia mbele ya wenyewe. Tena tusijifanye wageni sana. Ni nani kati yetu, watu wa Mji wa Kale, ambaye hakufungwa hirizi ya ngozi utotoni, tena ile iliyoshonwa pembe nne na kunuka karafuu? Masheikh wamekwisha kutuonya juu ya hirizi, na wengi tumezivua. Yangu mama yangu aliiweka sandukuni, na sijasikia mtu akimwambia aiuze London.

Na tusidhani kuwa haya ni ya bara. Ngadji, ngoma kuu ya Wapokomo wa Mto Tana, imo British Museum tangu mwaka 1908, katika ghala, na wenyewe wanaililia mpaka sasa. Vigango vya Wamijikenda vimeng'olewa makaburini vikauzwa Marekani kwa mamia. Viwili vilivyoibwa kwa mzee mmoja wa Kigiriama mwaka 1985 vilirudi mwaka 2007, mwenyewe akiwa ameshakufa, na vingine 30 vilirudishwa kutoka Denver mwaka 2019. Vijana walioving'oa hawakuwa Wazungu.

Huko Taita yameondoka makubwa kuliko mikoba. Mila ya zamani ya Wataita ilikuwa kuwafukua wazee wao baada ya muda na kuyaweka mafuvu yao katika mapango ya ukoo. Mafuvu mengi yalichukuliwa na wataalamu wakati wa ukoloni yakapelekwa Uingereza. Utafiti wa vipimo vyake ulichapishwa mwaka 1931, na Mmarekani Howells alipotoa kitabu chake mwaka 1973 alikuwa amepima 83 yaliyokuwa Cambridge. Wahaida waliwafuata wafu wao zaidi ya mia moja katika jumba la makumbusho la Chicago, wakawarudisha kuwazika mwaka 2003. Sisi tunaowasalia maiti wetu na kuwafukia siku ile ile, tungelala vipi lau wangekuwa ni babu zetu?

Lakini nisipige upande mmoja tu. Mashairi ya Muyaka tunayoyasoma leo tunayo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya, na mmishonari Taylor akayachukua pamoja na karatasi zake zilizoishia London. Lau zingebaki Mombasa huenda mchwa wangekuwa ndio wahifadhi. Na siwa ya Pate na siwa ya Lamu zimo salama katika Makumbusho ya Lamu, mahali ambapo mtoto wa Lamu aweza kuziona kwa miguu yake. Jumba la makumbusho si adui. Mzee alikuwa tayari hata mkoba ukae Nairobi, mradi ukoo ukiutaka siku ya shughuli uazimwe, na majina yao yaandikwe chini yake badala ya jina la tajiri.

Mimi nina deni langu katika mambo haya. Mwalimu wangu wa chuoni alikuwa na mkoba wa ngozi nyekundu wa kutilia msahafu, umetiwa nakshi kwa chuma cha moto, ambao yeye aliupata kwa mwalimu wake, na huyo kwa wake. Alipofariki mmoja katika jamaa zake aliuuza kwa mgeni, na msahafu ukafungwa katika karatasi ya duka. Mimi nilikuwapo nyumbani siku ile. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na sauti ya kutosha, nami nikanyamaza kwa kuwa niliona si haki yangu kusema katika mambo ya watu. Mpaka leo nikisikia "fulani kapewa mkoba" hukumbuka mlango ule na mgeni akitoka nao kwapani.

Siku ya kuondoka mzee aliniomba nimwandikie barua, maana mkono wake hutetemeka. Ukoo wao umetawanyika: Mwatate, Taveta, Kasigau, Nairobi, Mombasa. Wataitwa Mghange mwezi wa Desemba, wakati ambapo kila mtu huja nyumbani, na mkoba utawekwa mezani na kufunguliwa wote wauone, kisha watasema wenyewe. Mchuuzi alipiga simu tukiwa katikati ya barua ya nne. Mzee aliitazama simu ikilia mpaka ikanyamaza. Barua zilikuwa saba. Ya saba ilikuwa ya mkwe wetu wa Mombasa, yule aliyesema uchomwe. Nilimwuliza mzee kama ana hakika anamtaka naye awepo. Akasema, "Naye ni wa ukoo. Aje ayaseme hayo hapa." Akaniambia niiandike hiyo kwa hati nzuri zaidi.